Mwendo wa Hamsini na Jicho la Shangazi

Safari ya kutoka Mombasa hadi Mambrui imenigharimu shilingi elfu tisa na mia mbili, mita moja na nusu ya kitambaa chekundu cha pazia, na heshima yote niliyokuwa nayo kwa madereva wa barabara ile. Nimejumlisha mara mbili, jawabu ni lile lile. Kilichoniuma zaidi ni kitambaa. Kilikuwa satini.

Nyote mmeniuliza, kila mtu kwa wakati wake, na kila nikikutana na mmoja wenu sokoni naanza upya kueleza ilikuwaje mji mzima ukadhani Shangazi Rukia amekufa. Nimechoka kusimulia kwa rejareja. Haya, chukueni jumla.

Hospitalini: kupatana na daktari

Shangazi Rukia, dada yake babangu, ana jicho moja tu. La kushoto lilikufa zamani kwa presha ya macho. La kulia ndilo aliloishi nalo, na ndilo alilodarizia kofia miaka yote, zile za mkono, zenye vitobo vidogo ambavyo mimi nikivitazama tu kichwa kinaniuma. Kila Idi lazima babangu avae kofia mpya ya dada yake. Ya mwaka huu ilikuwa imefika nusu, shangazi akaanza kulalamika kwamba kuna pazia jeusi linashuka upande mmoja. Akadhani ni taa ya chumbani. Tukabadilisha taa. Pazia likazidi kushuka.

Mombasa wakamwambia utando wa nyuma ya jicho umebanduka. Wakampasua, wakaurudisha mahali pake, wakatia hewa ndani ya jicho iushikilie mpaka ugande. Sasa hewa, kama mjuavyo, hupanda juu. Ili ifike nyuma ya jicho, uso lazima utazame chini. Usiku na mchana, kula na kulala, chini. Na asirushwerushwe.

Mombasa hatuna jamaa wa kutuweka, na kitanda cha hospitali hakilaliwi bure. Daktari akauliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Mambrui. Akaiweka kalamu mezani.

"Mtakwenda na nini?"

"Nina gari la shemeji. Nitaendesha mwenyewe."

"Kwa mwendo gani?"

Mimi nauza mapazia. Nimezoea kuanza juu. "Tisini," nikasema.

"Arubaini."

"Arubaini daktari! Tutafika mgonjwa ameshapona. Sema sabini, na penye matuta napunguza."

"Hamsini. Na penye tuta simama kabisa, kisha upande kama unayepanda kitanda alicholala mtoto mchanga."

Nikaona amefika bei yake ya mwisho. Hata hivyo mazoea ni mazoea, nikajaribu hamsini na tano. Akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Bi Zuhura, ukibanduka mara ya pili, sina la kumfanyia."

Nikakubali. Hamsini.

Mombasa hadi Mtwapa: salamu za njiani

Gari la shemeji ni Probox nyeupe. Tulilaza viti vya nyuma, tukatandika godoro, tukamlaza shangazi kifudifudi na uso wake juu ya mto wenye tundu katikati. Jua likawa linampiga kupitia kioo.

"Nifunike," akasema. "Jua linanichoma kisogo."

Nikamfunika leso. Akasema leso inashika joto. Nikamfunika shuka mbili nyeupe, gubigubi, kuanzia kichwani mpaka vidoleni. Hapo akatulia.

Sasa, nataka niseme kitu kuhusu mwendo wa hamsini. Vibao vya hamsini viko tele, kila penye watu, vimeandikwa kwa tarakimu kubwa. Siku ile nilikuwa mtu pekee aliyevisoma. Kila gari lililokuwa nyuma yangu lilinipigia honi, kisha likanimulika taa, kisha likanipita kwa hasira kana kwamba nimekaa katika kiti chake. Pikipiki iliyobeba mbuzi ilinipita. Mbuzi akageuka kunitazama.

Utingo mmoja akachomoza nusu ya mwili dirishani. "Mama! Hiyo gari ina injini ama inavutwa na kamba?"

"Kasemaje huyo?" shangazi akauliza kutoka chini ya shuka.

"Anatusalimia."

"Mbona salamu yenyewe ndefu?"

"Anauliza na hali ya gari."

Wa pili akasema nimrudie mwalimu wangu wa udereva anifunze upya. Wa tatu akaniambia jikoni kunaningoja. Huyo nilimhesabu mara mbili, maana alinipita, akasimama kituoni kupakia, nikampita, akanipita tena na kurudia maneno yale yale. Hakuwa hata na kipya.

Matusi hayabandui jicho, nikajiambia. Lakini karibu na Mtwapa lori la saruji lilitupita kwa karibu hata upepo wake ukalitikisa gari zima, kisha likaingia mbele yangu ghafla. Nikakanyaga breki. Si kwa nguvu nyingi, lakini nilimsikia shangazi akivuta pumzi.

"Shangazi?"

Kwenye kioo niliona shuka tu.

"Shangazi, jicho?"

"Sijui," akasema. "Limefungwa. Nitajuaje?"

Nikatoka barabarani.

Mtwapa: fundi wa magurudumu na maarifa yake

Niliposimama palikuwa na kibanda cha fundi wa magurudumu, mtu mzima mwenye masharubu na maneno mengi. Nikamwambia nina mzigo usiotaka kutikiswa, na magari yananisukuma.

Hakuuliza mzigo gani. Akaenda nyuma ya gari, akachungulia kioo, akarudi akiwa ameshusha sauti.

"Una kitambaa chekundu?"

Nikaona huyu ana akili. Magari yanayobeba mbao hufunga kitambaa chekundu nyuma, watu wakae mbali. Mimi mfanyabiashara wa mapazia nikose kitambaa? Nilikuwa na kipande cha satini nilichomletea mteja wa Malindi, mita moja na nusu. Fundi akakichana vipande vitatu, na mimi moyo ukichanika navyo. Akafunga kimoja nyuma, na vingine kwenye vioo vya pembeni.

"Taa zote ziwashe, za mbele na hizi za kumetameta," akasema. "Hakuna atakayekusumbua mpaka ufike."

"Nikulipe ngapi?"

"Wacha tu, mama."

Nikamtupia hamsini kwa lazima. Mtu asiyetaka hela hunitia wasiwasi.

Mtanicheka, najua. Nimeona misafara mingapi ya maiti ya watu wa bara ikipita na utepe mwekundu? Lakini kwetu Mambrui maiti hubebwa mabegani, na tepe haziko katika mazishi yetu. Nilifikiria mbao. Wallahi nilifikiria mbao.

Kikambala hadi daraja la Kilifi: adabu ya ghafla

Kuanzia hapo dunia ikabadilika. Honi zikanyamaza. Matatu ikija nyuma yangu kwa kishindo, inaona, inapunguza, inangoja barabara iwe wazi kabisa, ndipo inapita taratibu. Utingo mmoja alivua kofia. Kwenye kizuizi cha polisi nilianza kutafuta leseni. Askari akapeleka mkono kifuani, akanionyesha nipite.

"Unaona, shangazi," nikasema, "mtu akifuata sheria, hatimaye huheshimiwa."

"Alhamdulillahi," akasema. "Matuta yamefika mangapi?"

"Ishirini na tisa."

"Mimi nimehesabu thelathini."

Alikuwa sahihi. Moja nilikuwa nimelipanda vizuri hata nikalisahau.

Penye mikonge ya Vipingo alilala usingizi. Penye njia panda ya Takaungu gari la rangi ya fedha likatokea pembeni, likaingia nyuma yangu. Halikunipita. Sikulijali.

Kilifi: mbaazi za bure

Baada ya kuvuka daraja njaa ilinizidi. Nikasimama kwa mama mmoja Mgiriama anayeuza mbaazi za nazi na mahamri kando ya barabara. Alilitazama gari, akavitazama vitambaa, akanitazama mimi.

"Pole, mayo," akasema, kama wasemavyo kwao wakimwita mama.

"Nishapoa," nikasema, nikidhani ananipa pole ya mwendo. "Nipe mbaazi na mahamri manne. Na usinipimie kwa bakuli dogo, nimetoka mbali."

Nikala nimesimama. Zilikuwa mbaazi za haja, nazi tupu. Yeye akinitazama tu.

"Umeweza kula?" akauliza.

"Kwa nini nisiweze? Nifungie na nyingine za shangazi yangu. Yuko nyuma pale."

Akageuka polepole kulitazama gari. Shuka nyeupe, kimya. "Za... shangazi?"

"Kalala. Akiamka asikute chakula, hapatakalika."

Yule mama akafunga mbaazi haraka haraka. Nilipouliza bei, nikijiandaa kuishusha, akanisukumia mfuko. "Nenda tu, mayo. Nenda. Mungu akurudishie nguvu za kichwa."

Sijapata kupewa kitu bure bila hata kubishana. Nikajipongeza kwamba sura yangu pekee sasa inatosha kushusha bei.

Nilipokuwa naingia garini ndipo nikaliona lile gari la fedha. Limesimama ng'ambo, watu watatu wamo ndani, hawanunui kitu. Nyuma yake pikapu. Nyuma ya pikapu, lori tupu la chumvi.

Nikaondoka. Wakaondoka.

Kilifi hadi Tezo: waliokuwa nyuma yangu

Nimekulia sokoni. Najua mtu anayekwenda njia moja nawe, na mtu anayekufuata wewe. Nikapunguza mpaka arubaini; wakapunguza. Nikahesabu kwenye kioo: watatu. Nikahesabu tena: wanne, na wa nne pikipiki. Nikawaza gari la shemeji. Nikawaza pesa za hospitali zilizobaki, ambazo zilikuwa mahali nisipopataja hapa. Zaidi ya yote nikawaza: wakitaka kunisimamisha kwa nguvu, watanigonga, na jicho ndilo litakaloondoka kwanza.

Dawa yake ni kukimbia, na Probox ile tupu hukimbia. Mguu wangu ukashuka wenyewe. Sitini. Sitini na tano.

"Zuhura." Alikuwa ameamka. "Umeongeza."

"Kidogo tu, shangazi."

"Godoro linanipiga kifuani. Kuna nini?"

"Kuna watu wanatufuata."

Akasema polepole, "Wakichukua gari, shemeji yako atanunua jingine. Hilo ni lake yeye na wao. Jicho ni langu. Rudi hamsini."

Nikarudi hamsini. Sijapata kufanya jambo gumu kuliko kuinua mguu ule. Nilikuwa nikiomba dua moyoni na kutazama kioo, kioo na barabara, na sindano ya mwendo pale pale, mpaka nikaona soko la Tezo mbele. Penye watu wengi ndipo pa kusimama. Nikaegesha katikati ya wauza madafu na maembe, nikafunga milango yote, nikashika spana.

Wote wanne wakaegesha nyuma yangu kwa mstari.

Kutoka kwenye gari la fedha akashuka mzee mrefu wa kanzu. Akairekebisha kofia yake. Nyuma yake wazee wengine wawili, kisha wa pikapu, kisha wa pikipiki, na dereva wa lori la chumvi, pande la mtu, akifunga vifungo vya shati. Wakaja polepole, vichwa chini. Majambazi, nikajiambia, hawaji hivi. Nikateremsha kioo kiasi cha vidole viwili.

"Asalaam aleikum, binti."

"Waaleikum salaam. Semeni shida yenu mkiwa hapo hapo."

"Mola akupe subira," akasema. "Mimi naitwa Mzee Shee, nakaa Kilifi. Tulikuwa tunatoka Takaungu kupeleka posa, tukakuona. Mwanamke peke yake na maiti, hakuna hata kijana wa kumsindikiza. Tukasema hatuwezi kwenda kula wali tukuache njiani. Anaswaliwa wapi, na ni adhuhuri au alasiri?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma, chini ya shuka mbili.

"Adhuhuri nitaiswali mwenyewe! Na kuinama nishainama tangu jana!"

Mzee Shee akaruka nyuma hata kiatu kikabaki. Wazee wawili wakaanza kusoma kwa sauti, kila mmoja sura yake. Dereva wa chumvi, pande lile, nilimwona akiwa upande wa pili wa mkokoteni wa madafu, na sikuona alivyofika.

"Ni nani huyo?" akapiga kelele kutoka kule.

"Ndiye maiti," nikamwambia. Spana ilikuwa bado mkononi.

Tezo hadi Mambrui: mazishi ya mtu mzima

Ilibidi nieleze yote: jicho, hewa, hamsini, fundi, kitambaa. Mzee Shee alivaa kiatu chake, akatazama ile satini, akaanza kucheka taratibu, kisha akacheka mpaka akashika mlango wa gari.

"Nisameheni," nikasema. "Nimewapotezea njia. Rudini mkale."

"Turudi?" Akawatazama wenzake. "Tumeshatia nia ya kusindikiza, binti."

"Lakini hakuna maiti."

"Kuna mgonjwa. Kumtazama mgonjwa hakuna thawabu?" Akainama kwenye kioo cha nyuma. "Bi mkubwa, unaturuhusu?"

"Ruksa," shangazi akasema. "Lakini asinililie mtu. Na huyo aliyejificha nimesikia mbio zake, mwambieni asogee, siumi."

Wakanunua madafu, kila mtu lake. Shangazi akanywa lake kwa mrija, uso chini, mto tumeusogeza nje ya ukingo wa godoro, nami nimelishikilia chini ya tundu lake. Mwuza madafu alitaka mia kwa kila moja. Nikaanza kumshusha, na kwa mara ya kwanza siku ile mtu akanikatalia, akanibishia, akaniambia mama wewe ni mgumu kama fuu la nazi. Nilifurahi karibu nimkumbatie. Nikajua nimerudi katika hesabu ya watu wa kawaida.

Sasa sikilizeni namna tulivyokwenda. Gari la fedha mbele. Likikaribia tuta, Mzee Shee anatoa mkono dirishani, anaushusha kama anayetuliza mtoto. Nami nasimama, napanda. Nyuma yangu lori la chumvi, pana kama ukuta, na satini yangu imefungwa kwenye bampa yake. Hakuna aliyeweza kunisukuma, maana wa kunisukuma angeanza na lile lori. Pikapu na pikipiki zikafunga mkia. Tukapita msitu, tukapita Gede, tukapita Malindi katikati ya mchana, hamsini, na wenye haraka wote wakangoja. Nililala usingizi? La. Lakini mabega yangu yalishuka, na ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi yalikuwa yamepanda masikioni.

Kosa langu lilikuwa Malindi. Nyinyi mlioko sokoni mliniona. Probox, shuka nyeupe, msafara, wazee wa kanzu. Simu yangu ilikuwa mkobani, kimya. Baadaye nilikuta mmenipigia mara ishirini na mbili. Nimezihesabu tena, ishirini na tatu. Nisiposhika, mkapiga Mambrui.

Tulipovuka daraja la Sabaki na kuingia kwetu, mikeka ilikuwa imeshatandikwa nje. Wanawake wamekaa, wengine wanalia. Sufuria la wali lilikuwa jikoni. Na mlangoni alisimama babangu, mtu ambaye sijapata kumwona akisimama bila kuegemea kitu, na mkononi ameshika ile kofia ya Idi iliyofika nusu, sindano ikining'inia kwenye uzi.

Nikashuka nikikimbia kumwambia. Hakunisikia. Akanipita, akafika kwenye kioo cha nyuma, akaweka kiganja chake juu yake.

Shangazi alizijua nyayo zake. "Kaka," akasema kutoka chini ya shuka, "kofia yako haijaisha. Utakufa wewe kabla yangu ukivaa ile ya mwaka jana."

Babangu akakaa mchangani. Akalia wakati kila mtu ameacha kulia. Wali ukaliwa na waliosindikiza, na dereva wa chumvi akala sahani mbili, akasema mazishi mazuri kama haya hajapata kuhudhuria.

Jicho

Bandeji ilifunguliwa mbele yetu sote kliniki ya Malindi. Alisema anaona maji yanacheza, kama aliyezama akatazama juu. Nikaogopa. Wakasema ni ile hewa, itaisha kidogo kidogo. Ikaisha. Juzi nilimkuta barazani, mgongo umenyooka, sindano mkono mmoja, uzi mkono mwingine. Akakosa tundu. Akakosa tena. Nilitaka kumsaidia, akanipiga kofi mkononi bila kunitazama. Mara ya tatu uzi ukapita. Kofia sasa imebaki ukingo.

Ndipo inakuja shida yangu, na ndiyo iliyonifanya niandike. Wiki ijayo tunarudi Mombasa kwa daktari. Nimepiga simu kuuliza mwendo, nikajiandaa kwa vita. Akanipa themanini kabla sijaomba. Themanini! Saa mbili na kitu tunafika.

Jana Mzee Shee amenipigia. Anauliza tunaondoka saa ngapi, maana yule wa pikapu ameomba ruhusa kazini, lori la chumvi limepata mzigo wa Mombasa makusudi siku hiyo, na Takaungu wameikubali posa, wanaona safari ile ilikuwa na baraka. Wametia nia upya. Ya mwendo wa hamsini.

Shangazi amewaambia karibuni.

Basi nyinyi mnaojua barabara na mnaojua adabu, nishaurini. Mtu anawaambiaje watu wa namna hii kwamba sasa anaweza kukimbia? Nijibuni mapema, kwa sababu nimeshaanza kupigia hesabu chai ya watu sita, na nimeipiga mara mbili, na mara zote mbili nimejikuta naona ni bei rahisi.